Wakija Kupima Watoto, Tuulize Majibu Yako Wapi

(Hotuba niliyotoa kwenye mkutano wa mwaka wa umoja wa vikundi vya akina mama huku kwetu mkoani Iringa. Wengi waliomba niiandike, nimeiacha karibu kama nilivyoisema.)

Kamwene akina mama! Kamwene tena! Akina baba nanyi kamwene, japo naona mmejibanza kule mlangoni kama watu mnaotafuta pa kutorokea, sogeeni mbele bwana, haya mambo ya watoto sio ya mama peke yake. Mwenyekiti wa kijiji, mtendaji wetu, wenyeviti wa vitongoji, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wazee wangu shikamooni.

Nimeambiwa niongelee wale watu wanaokuja na gari nyeupe na vishikwambi, wanagonga hodi, wanakaa saa nzima wanamuuliza mama amezaa wangapi na wangapi wako hai, alafu wanampima mtoto na kuondoka. Mimi hiyo kazi ya udadisi nimeifanya, nimezunguka nayo Mufindi, Njombe, Mbeya mpaka Rukwa, kwa hiyo niulizeni chochote. Ila leo sikuja kuwatetea wadadisi, nimekuja na neno moja tu na nitalisema mwisho mwisho, kwanza twende taratibu.

Ule utafiti mkubwa wenyewe, wa afya ya uzazi na mtoto, wanaoufupisha TDHS, kwa Tanzania ulianza mwaka 1991-92, na tangu hapo umekuwa ukirudi kila baada ya miaka kadhaa, kwa miaka ya karibuni ni ule wa 2010, wa 2015-16, na wa mwisho ulifanyika 2022, ulianza Februari ukaisha Julai, mwaka uleule wa sensa, ndo maana watu wengi wanavichanganya. Sensa inahesabu kila mtu. Huu hauhesabu kila mtu, unachagua. Nchi nzima walichukua maeneo 629, kila eneo kaya 26, jumla kaya 16,354, Bara na Visiwani. Anayesimamia ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, pamoja na wenzao wa Zanzibar na wizara za afya.

Sasa hapa ndo maneno huwa yanaanza. "Mbona kwangu hamkuja? Mbona mmeenda kwa fulani?" Mwenyekiti wa kitongoji kimoja sitakitaja, tulifika asubuhi akatuambia karibuni sana, nimeshawaandalia nyumba nzuri, zina bati, zina choo cha kisasa, watoto wamevalishwa. Mzee wa watu alikuwa na nia njema kabisa, hakutaka kijiji kiaibike. Lakini haiwi hivyo. Kaya zote za eneo zinaorodheshwa kwanza, alafu zinachaguliwa kwa kuruka namba, na ikishachaguliwa nyumba imechaguliwa, hata kama ni ya mlevi, hata kama ni ile ya mwisho kabisa kule bondeni ambako gari halifiki. Mkimkuta mama kaenda shamba mnarudi jioni, mkimkosa mnarudi kesho, na mkimkosa kabisa mnaandika hayupo, hamruhusiwi kwenda kwa jirani kisa jirani yuko nyumbani. Maana jirani aliyeko nyumbani saa nne asubuhi sio sawa na yule aliyeko shamba saa nne asubuhi, na mtoto wa yule aliyeko shamba ndo hasa tunayemtafuta.

Nyie mnaouza mahindi Makambako mnalijua bambo, kile chuma cha kuchomea gunia. Mnunuzi haumwagi mzigo wote chini, anachoma gunia hapa, anachoma kule, anaangalia zinazotoka, anapanga bei. Ukimwambia achome tu magunia ya juu uliyoyapanga vizuri, atakucheka. Basi na kaya 26 ni hivyohivyo.

Tuje kwenye ubao. Huu ubao umewaletea wadadisi shida kuliko kitu chochote. Ni ubao mrefu, una kipande kimesimama upande wa kichwa na kingine kinachoteleza upande wa miguu. Mtoto chini ya miaka miwili analazwa, aliyezidi miaka miwili anasimama. Kazi ya watu wawili, mmoja ameshika kichwa kiguse mwisho wa ubao na macho yaangalie juu, mwingine amenyoosha magoti na kusukuma kile kipande mpaka kiguse nyayo, na hapo mtoto analia kijiji kizima kinasikia. Viatu vinatolewa, kofia inatolewa, na kama nywele zimesukwa zikasimama juu inabidi kumuomba mama afumue, na hapo mama anakuangalia, msuko wa juzi tu kalipia hela yake. Bibi mmoja aliona tunamlaza mjukuu wake akasimama akasema toeni jeneza lenu kwenye uwanja wangu. Hatukubishana nae. Tuliuweka ubao chini, dereva wetu mwenyewe mtu mzima akalala juu yake miguu ikiwa nje, watu wakaanza kucheka, bibi nae akacheka, mtoto akapimwa.

Wengine mnacheka ila woga huo una historia na una hatari. Mwaka 2016 kule Chamwino, Dodoma, kwenye kijiji kinachoitwa Iringa Mvumi, watafiti wa udongo pamoja na dereva wao waliuawa na wananchi kwa kudhaniwa ni wanyonya damu. Udongo tu walikuwa wanachukua! Sasa fikiria mdadisi anayetoboa kidole cha mtoto kweli. Lile tone la damu ni la kuangalia wekundu wa damu na malaria, majibu unapewa palepale ukiwa umekaa, na kama mtoto ana upungufu mkubwa unaandikiwa karatasi ya kwenda kituo cha afya. Na una haki ya kukataa. Wanatakiwa wakusomee maelezo kabla, useme ndio au hapana, mtendaji hatakufuata wala hutanyimwa mbolea ya ruzuku kisa umekataa. Mwenyekiti nisaidie hilo lisikike, maana kuna viongozi huwa wanatishia watu, ukimtishia mama atakujibu lakini atakujibu unachotaka kusikia.

Kuna na yale maswali ya siri. Wanauliza kama mume anapiga, anatukana, analazimisha. Hayo kwenye kaya anaulizwa mama mmoja tu aliyechaguliwa, hata kama nyumba ina wanawake wanne, na anaulizwa peke yake. Akiingia mtu, hata mtoto mkubwa, mdadisi anageuza mazungumzo, anauliza habari za chumvi au za maji, na kama faragha haipatikani kabisa hiyo sehemu inarukwa. Kwa hiyo mama mkwe ukiambiwa tupishe kidogo, tupishe mama, husemwi wewe. Akina baba mnaosimama dirishani mnasikiliza, tunawaona.

Haya, namba zilisemaje? Zipo za kufurahisha. Wanaojifungulia kituoni walikuwa 63 kwa kila mia 2015-16, wakafika 81 mwaka 2022. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 mpaka 43 kwa kila watoto elfu moja wanaozaliwa hai. Vifo vya uzazi kutoka 556 mpaka 104 kwa kila vizazi hai laki moja. Hii ya mwisho naisoma kwa tahadhari kidogo, kwa sababu inapatikana kwa kumuuliza mtu habari za ndugu zake wa tumbo moja, dada zako wangapi, nani amefariki, alikuwa mjamzito au alikuwa ametoka kujifungua, na kwa kuwa matukio yenyewe kwenye sampo, yaani zile kaya zilizochaguliwa, ni machache namba inaweza kuyumba sana. Kushuka imeshuka, hilo hata ukiuliza wakunga wetu watakwambia, ila usiishike kama bei ya sukari.

Na ipo moja haijasogea. Vichanga wanaofariki ndani ya mwezi wa kwanza walikuwa 25 kwa elfu, wakawa 24. Yaani akina mama wameitikia, wamekwenda kujifungulia hospitali kama walivyoambiwa, pikipiki wamelipa, vifaa wamenunua, na kichanga bado anakufa karibu vilevile. Hapo usiniambie mama hana elimu. Mama alifanya sehemu yake, maswali yanayobaki ni ya huko kituoni, kuna oksijeni, kuna mtu wa zamu usiku, kuna pa kumweka njiti apate joto kwenye baridi hii ya kwetu ya mwezi wa sita na wa saba. Hili nalisema mbele ya viongozi makusudi.

Sasa tuje kwenye aibu yetu. Udumavu, watoto wafupi kuliko umri wao, kitaifa ni 30 kwa kila mia. Iringa ni 56.9. Njombe 50.4. Rukwa 49.8. Mbeya wenzetu 31.5 wamejikongoja wakawa karibu na wastani wa taifa. Hapa mlipokaa, wenye mahindi, wenye viazi, wenye parachichi, maharage, maziwa, wenye kulisha Dar es Salaam, zaidi ya nusu ya watoto wetu wamedumaa.

Nikisema hivi kuna mzee lazima aseme sisi Wahehe na Wabena ni wafupi kwa ukoo. Hapana baba. Kipimo kinachotumika Shirika la Afya Duniani lilikitoa 2006 baada ya kupima watoto wa Brazili, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, watoto waliolishwa vizuri na kutunzwa vizuri, na wakakuta kwenye ile miaka mitano ya mwanzo wanakua karibu sawa wote, wa Ghana na wa Norway. Ukoo unakuja kujionyesha baadae. Mtoto wa miezi ishirini akiwa mfupi kupita kiasi, hapo kuna kitu kilikosekana tangu mimba, chakula, au maradhi ya kuhara yasiyoisha, au mama mwenyewe kachoka.

Na mimi kwa niliyoyaona, nasema kuchoka. Chakula kipo ghalani. Mama anaamka saa kumi na moja, mtoto mgongoni, shamba liko mbali, uji umebaki nyumbani na mtoto wa miaka saba ndo mlezi, uji wenyewe wa mahindi mweupe umepikwa mara moja asubuhi unalambwa mpaka jioni. Mayai yameuzwa, maziwa yameuzwa, parachichi la daraja la kwanza limekwenda na gari, na hela ya mazao anayeijua ni baba. Alafu jioni kipindi cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, mnajua wenyewe, kuna watoto wanaonjeshwa "wachangamke". Ukienda pale na semina ya makundi ya chakula na bango la rangi mama atakusikiliza kwa adabu, atasaini, atachukua soda, na kesho ataamka saa kumi na moja.

Ila ngoja niseme na upande wa pili, maana nilisikia watu wanalaumiana sana ripoti ilipotoka. Iringa ilikuwa 42 kwenye ule wa 2015-16, sasa 57, watu wakasema mkoa umeharibika, nani awajibike. Jamani taratibu. Gawa maeneo 629 kwa mikoa 31 unapata maeneo ishirini hivi kwa mkoa, kaya mia tano na kitu, na sio kila kaya ina mtoto mdogo. Kwa hiyo namba ya mkoa inabeba wasiwasi mkubwa kuliko ya taifa, inaweza kuwa juu kidogo au chini kidogo ya ukweli. Alafu Iringa ya utafiti wa 2010 sio Iringa hii, Njombe tulikuwa nayo mpaka 2012, na Mbeya nayo ilikuwa na Songwe mpaka 2016, ukilinganisha bila kuangalia mipaka unalinganisha vitu viwili. Songwe yenyewe ilivyotoka peke yake ndo ikaonekana ina wasichana wa miaka 15 mpaka 19 waliopata mimba au kuzaa 45 kwa kila mia, ya kwanza kitaifa, kabla ya hapo ilikuwa imejificha ndani ya Mbeya. Sasa fikiria ndani ya Iringa kuna kata gani imejificha. Lakini hata ukipunguza wasiwasi wote huo, sisi na Njombe na Rukwa tumekuwa juu utafiti baada ya utafiti. Hatuwezi kujificha nyuma ya sampo.

Na hapa ndo nafika kwenye lile neno langu. Utafiti ule unaweza kusema mkoa unaumwa. Hauwezi kukwambia mtoto wa nani. Majina hayaendi kwenye ripoti, Sheria ya Takwimu inakataza, na ni vizuri ikataze. Ila matokeo yake ni kwamba namba zinatoka kwetu, zinakwenda Dodoma, zinapigiwa makofi ukumbini, zinaandikwa kwenye maombi ya fedha, na mama aliyefumua msuko wake mtoto apimwe hajawahi kuambiwa kijijini kwake ilikuwaje. Nimefanya kazi ile na sijawahi kutumwa kurudi kijiji hata kimoja kusema tulichokuta. Hilo linaniuma.

Wazee mliopo hapa mnakumbuka haikuwa hivi. Miaka ya 1980, kuanzia 1983, Iringa hii hii ikiwa bado na Njombe, Makete na Ludewa, kulikuwa na mpango wa lishe wa WHO na UNICEF pamoja na serikali, fedha zilitoka Italia, ukaanza kwenye vijiji 168. Kila miezi mitatu watoto wanapimwa uzito hadharani, kadi zinasomwa, namba inakwenda kwenye serikali ya kijiji siku ileile, na kijiji kinaulizana, huyu mtoto yuko chini kwanini, mama yake ana nini, nani atamsaidia. Wanapima, wanajadili sababu, wanafanya kitu, alafu miezi mitatu wanapima tena. Na mawazo yaliyopikwa hapa yalienda mbali, ule mchoro wa sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliupitisha 1990 na unafundishwa vyuoni dunia nzima, sehemu kubwa umetokana na kazi za hapa kwetu na za Taasisi ya Chakula na Lishe. Wajukuu wa watu waliofundisha dunia ndo leo wamedumaa kuliko wote. Sijui niseme nini hapo, naendelea.

Na msitegemee kwamba utafiti mkubwa utakuja tu kila mara. Ule mpango wa kimataifa uliokuwa unasaidia hizi tafiti tangu 1984, zaidi ya nchi 90, ulikuwa unalipiwa na Marekani kupitia USAID, na mwaka 2025 ukasimamishwa ghafla, wakatafutwa wafadhili wengine wa kuushikilia. Nchi zilizokuwa katikati ya kazi zikabaki na madodoso mkononi. NBS wetu wana wataalamu wao na wanaweza, ila fedha ni fedha.

Kwa hiyo tufanye letu, na njia ipo, haihitaji mfadhili. Kila robo mwaka kuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, SALIKI, ipo kwenye mwongozo wa serikali. Kwetu mwaka jana ilifanyika kwa mbinde, watu wakaja wakapiga picha. Naomba ya robo hii ubao uwepo, sio mizani tu, maana kwa uzito peke yake mtoto aliyedumaa anaweza kuonekana mnene na kila mtu akamsifia. Fundi seremala tunae, ubao unachongwa, vipimo mganga wa zahanati atavihakiki. Majina yabaki kwenye daftari la mhudumu wa afya, hatutaki kumwaibisha mtu, ila jumla ya kila kitongoji isomwe kwenye mkutano wa kijiji palepale, kitongoji fulani watoto arobaini wamepimwa, waliodumaa kadhaa. Mkutano unaofuata isomwe tena.

Na mtendaji, kuna shilingi elfu moja kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, halmashauri inatakiwa kuitenga kutoka mapato yake, ipo kwenye mkataba wa lishe ambao wakuu wa mikoa wamesaini. Kijijini kwetu ikipigwa hesabu ya watoto tunajua ni shilingi ngapi. Tungependa kusikia imefika wapi, hata kama jibu ni kwamba haijafika.

Vikundi nanyi msinitolee macho. Mfuko wa jamii mnao, kila wiki mnachangia. Mwezi wa kumi na moja mpaka wa pili ndo mama anaelemewa shambani, zamu ya kubaki na watoto na kuwapikia mara nne kwa siku inawezekana, akina mama kumi wakibadilishana kila mmoja anapoteza siku chache tu kwa mwezi. Kikundi kimoja pale chini kimeshaanza, wanatumia banda la kanisa, karanga na dagaa wanasaga wenyewe.

Mama mwenyekiti ananionyesha saa. Haya maswali, tuanze na yule baba wa mlangoni aliyekuwa anatikisa kichwa nilipotaja ulanzi.